Kwa Nini Tunatoza Kupima Sensa Wakati Alama Zipo Bure Mtandaoni

Juzi kijana mmoja wa Ngamiani, mpiga picha za harusi, aliondoka hapa dukani na hasira. Alileta bodi (kamera bila lenzi) ya mtumba aliyoinunua kwa mtu Dar es Salaam, ikaja Tanga kwa basi, na akatulipa shilingi 40,000 tumpimie sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachonasa mwanga. Tulipomkabidhi karatasi ya vipimo akaisoma, akaiweka mezani, akasema: "Kaka, kamera hii mtandaoni ina alama zaidi ya 90. Wewe unaniambia ina kasoro. Umenitoza hela kwa kitu kilichopo bure, na bado umekikosea."

Si wa kwanza kusema hivyo. Dukani wateja wanapanga foleni na maelezo haya yanahitaji nafasi, kwa hiyo tunayaandika hapa.

Kwanza, alama za mtandaoni tunaziheshimu na tunazitumia kila siku. DxOMark ya Ufaransa imekuwa ikipima sensa tangu 2008, na inapima faili ghafi, kabla kamera haijasafisha chenga (vidoa vya fujo kwenye picha) wala kuongeza rangi. Inaangalia mambo matatu: kina cha rangi, upana wa mwanga kati ya giza na weupe, na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ya juu ambayo picha bado inakubalika. Mwaka 2012 Nikon D800 ilipewa alama 95 na Canon 5D Mark III ikapewa 81, na tofauti kubwa ilitoka kwenye upana wa mwanga: stopu 14.4 kwa 11.7 (kila stopu moja ni maradufu ya mwanga). Vipimo hivyo ni vya kweli. Ukipiga maharusi mlangoni saa saba mchana, bwana kavaa kanzu nyeupe na nyuma yake kuna kivuli, halafu ukavuta giza kwenye kompyuta, utaiona tofauti hiyo.

Lakini alama hiyo haijapima lenzi, haijapima fokasi, wala mkono wako. Wapo watu hapa mjini waliojenga nyumba kwa 5D Mark III. Isitoshe, DxOMark wenyewe wanaeleza kwamba alama 5 ni sawa na theluthi ya stopu tu. Mteja anayeongeza laki tatu ili apate alama 3 zaidi ananunua kitu ambacho jicho lake halitakiona kamwe. Tunawaambia hivyo hata pale kamera ya bei kubwa inapokuwa ya kwetu.

Wengine huja na takwimu za sehemu mbili na kudai mmoja anadanganya. Bill Claff wa Marekani, mwenye Photons to Photos, naye anapima upana wa mwanga, na namba zake kwa kamera ileile huwa ndogo kuliko za DxOMark. Hakuna aliyedanganya. Claff ameweka kiwango kikali zaidi cha chenga anachokubali mpiga picha, kwa hiyo anaacha kuhesabu mapema. Linganisha kamera mbili ndani ya jedwali moja, usichukue hii huku na ile kule.

Na ISO iliyoandikwa kwenye kamera, hiyo ndiyo inayoleta ugomvi zaidi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 12232 kinaruhusu njia zaidi ya moja ya kuipata, na mojawapo inamwachia mtengenezaji apendekeze namba anayoona inafaa. Ndiyo maana ukiweka kamera mbili za kampuni tofauti kwenye ISO 1600, shata ileile, tundu lilelile la lenzi, moja inaweza kutoka na giza kidogo. Tumeletewa kamera nzima kabisa kwa sababu hiyo tu, mwenyewe akiamini sensa imechoka.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Alama ya mtandaoni ni ya bodi waliyokuwa nayo wao, kwenye chumba chao. Kununua bodi ya mtumba kwa alama hiyo ni sawa na kununua ngalawa Pangani kwa kuwa ngalawa nyingine ya fundi yuleyule haivuji. Bodi ya kijana ilikuwa imefanya kazi kumbi za starehe. Tulipopiga giza, yaani picha kifuniko kikiwa kimefungwa, kwenye ISO ya juu, ukatokea mstari mwembamba wa wima toka juu mpaka chini, na katikati yake doa lenye rangi. Hiyo ni leza. Zile taa za leza zinazozungushwa ukumbini wakati bibi harusi anaingia, mwale wake ukipita sawasawa ndani ya lenzi unaweza kuunguza pikseli (vitone vya sensa vinavyonasa mwanga) papo hapo, na kwa kamera za mirrorless, zisizo na kioo cha ndani mbele ya sensa, hatari ni kubwa zaidi kwa sababu sensa iko wazi muda wote kamera inapowashwa. Aliyemuuzia alimtumia picha za ufukweni Raskazone, jua kali, mchanga mweupe. Kwenye picha kama hizo mstari ule hauonekani. Utaonekana usiku, kwenye shela jeusi la mama wa bibi harusi, baada ya kazi kukabidhiwa.

Tunapimaje? Tunaeleza ili mtu ajue analipia nini.

Bodi ikifika tunaiacha itulie chumbani. Tunafunga kifuniko na kupiga kwa 1/4000 kwenye ISO ya chini. Mwanga hauingii na muda ni mfupi mno, kwa hiyo chenga zitakazobaki ni za saketi yenyewe. Kisha tunaiweka mbele ya ubao wa mwanga, fokasi imetolewa kwa makusudi, na tunapiga picha mbilimbili, toka giza mpaka weupe wa kuungua. Ubao huo tunauendesha kwa betri. Umeme wa ukutani unapanda na kushuka, na taa za bei rahisi zinapepesa hata kama jicho halioni. Ukipimia hapo utakuwa unaipima taa. Picha mbili za mwanga sawa tunazitoa moja kwa nyingine, vumbi na tofauti za pikseli zinafutika, zinabaki chenga za kweli.

Sehemu ya chenga hizo si kosa la mtu yeyote. Mwanga huja kwa chembe zisizofuata mpangilio. Pikseli ikikusanya chembe 10,000, huyumba kwa kama 100, yaani sehemu moja ya mia. Ikikusanya 100, huyumba kwa kama 10, yaani sehemu moja ya kumi. Ndiyo sababu giza lina chenga kuliko weupe kwenye kamera yoyote ya bei yoyote. Tukishajua hilo tunaweza kukokotoa pikseli inabeba elektroni (chembe za umeme zinazozalishwa na mwanga) ngapi kabla ya kujaa, na saketi inaongeza chenga za elektroni ngapi. Tuseme inabeba 60,000 na chenga ni 4: gawanya, unapata 15,000, ambayo ni karibu stopu 14. Mbinu hii hatukuibuni sisi. James Janesick na wenzake kwenye maabara ya JPL ya NASA waliikuza kwa ajili ya kupimia sensa za vyombo vya anga za juu, na inafanya kazi vilevile hapa Tanga, mradi aliyeshika kamera ana subira.

Halafu joto. Umeme unaojizalia ndani ya sensa bila mwanga huongezeka takriban maradufu kila sensa inapopanda nyuzi 6 hadi 8. Mpiga video anayerekodi mfululizo mwezi wa pili, hema limefungwa na upepo hakuna, yuko mbali kabisa na hali ya maabara. Kwa hiyo tunapima bodi ikiwa imepoa, tunairekodisha video mpaka ipate moto, kisha tunapiga giza la sekunde 30 na kuhesabu pikseli zinazowaka. Kuna bodi ambazo asubuhi ni safi na mchana zinajaa nyota nyekundu na bluu. Kipimo hiki peke yake kinakula muda mwingi, na ndicho wateja wanachotuomba tukiruke ili tupunguze bei. Haturuki.

Njia ya mkato tunayoiona zaidi ni hii: mnunuzi anakutana na muuzaji kituo cha basi, anafunga kifuniko, anapiga picha moja, anaangalia kioo cha nyuma, anaona cheusi, anatoa pesa. Kile kioo kinakuonyesha JPEG ambayo kamera imeshaisafisha, tena imepunguzwa ukubwa. Wengine wanatazama hesabu ya shata, yaani imefunguka mara ngapi, wakikuta ndogo wanafurahi. Hesabu hiyo inakuambia habari za shata. Bodi iliyotumika kwa video miaka mitatu inaweza kuwa na hesabu ndogo sana na sensa iliyochemka kila Jumamosi.

Iliyo mbaya zaidi ni pamba na spiriti. Kaka mmoja wa Chumbageni alikuwa amepiga magofu ya Tongoni kwa f/16 (tundu dogo la lenzi) akaona madoa angani. Yalikuwa vumbi tu. Kusafisha kwetu ni 30,000. Akaona ghali, akapulizia kwa mdomo, mate yakaruka, akachukua pamba ya masikio na spiriti ya dawa, akasugua. Unachokigusa pale si sensa yenyewe, ni kioo cha kichujio kilicho mbele yake, na kina utando mwembamba sana. Pamba ilisukuma chembe ya mchanga, ikachora mchirizi. Kubadilisha kioo kile ni kufungua bodi yote, kutoa sensa, kuirudisha sawasawa kwenye usawa wake, la sivyo upande mmoja wa picha unakuwa hauna fokasi milele. Bei aliyotajiwa na fundi wa Dar ilikaribia nusu ya thamani ya kamera. Alipotuuliza kama tunaweza kupunguza makali kwa kusugua zaidi, tulikataa kuigusa.

Hapa kwetu chumvi ya bahari na unyevu vinafanya kazi usiku na mchana. Weka bodi kwenye boksi lenye vifuko vya kukausha unyevu, badilisha lenzi ukiwa umegeuzia mgongo upepo. Hayo ni bure.

Kuhusu bei, tunasikia kwamba 40,000 ni nyingi "kwa kupiga picha za ukuta mweupe". Kazi hiyo inachukua sehemu kubwa ya siku, na ubao wa mwanga tuliununua kwa fedha zetu na tunauhakiki kila mara. Tunatoza hata kamera ikitoka nzuri, kwa sababu fundi anayelipwa pale tu anapokuta ubovu ataukuta kila siku. Mama mmoja mwenye studio ya picha za pasipoti Barabara ya 10 alikuja ameshaweka akiba ya kununua full frame, kamera ya sensa kubwa, ameambiwa yake ya sensa ndogo imepitwa na wakati. Tukaipima. Anapiga ISO 100, flashi mbili, ukuta mweupe, na sensa yake ilikuwa haina pikseli hata moja inayowaka. Tukamwambia, mama, rudi na pesa yako, nunua betri ya akiba. Bodi tuliyokuwa nayo kabatini haikuuzika siku ile, na hatujutii.

Kijana wa Ngamiani tulimwandikia kila kitu kwenye karatasi, pamoja na picha ya mstari ule, ili muuzaji asiweze kuubishia. Alirejeshewa sehemu ya pesa yake, si yote, kwa sababu alikuwa ameshalipa taslimu na wiki mbili zilikuwa zimepita.

Kwa hiyo mpangilio wetu ni huu. Ukitaka kununua mtumba, mlete muuzaji na kamera yake hapa kabla hujalipa, au mkubaliane aitume bodi huku pesa ikiwa bado kwako. Njoo asubuhi, betri mbili zimejaa, memori kadi tupu, na kama menyu imewekwa lugha usiyoijua usihangaike nayo. Usiisafishe kwanza. Mnaotoka Muheza, Korogwe na Lushoto, mkifika kabla ya saa nne mtaondoka na karatasi yenu siku hiyohiyo.