Jedwali la "will" linakula muda wa wanafunzi bure

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo kuhusu mazoezi ya Kiingereza yanayochapwa katika kurasa za elimu, vitini vya tuisheni na yale yanayoandikwa ubaoni kidato cha kwanza. Likifika somo la wakati ujao, zoezi huwa ni lile lile, ndilo tunaloliita jedwali la "will": sentensi kumi za wakati uliopo, na agizo la kuzigeuza ziwe za wakati ujao. "She cooks rice" inakuwa "She will cook rice". Mwanafunzi anapata kumi kwa kumi, mwalimu anatia tiki, na kesho yake mwanafunzi huyo huyo anaandika "I am will come tomorrow".

Kuweka "will" mbele ya kitenzi si kazi ngumu kwa anayezungumza Kiswahili. Neno ni moja kwa nafsi zote, halibadiliki, kama -ta- isivyobadilika katika nitapika, utapika na watapika. Hilo huingia kichwani ndani ya dakika kumi. Makosa hutoka kwingine, na kwa kuwa mengi yanatokana na Kiswahili chenyewe, yanaweza kutabiriwa na kufanyiwa mazoezi kabla hayajaota mizizi.

Tuchukue hilo la "I am will come". Wanaoanza wengi hujifunza "I am" kama kipande kimoja chenye maana ya ni-, kwa sababu sentensi zao za kwanza zote huanza hivyo. Wakifika kwenye nitakuja, ni- inawatoka "I am", -ta- inawatoka "will", -kuja inawatoka "come". Wengine -kuja inawatoka "to come", ndipo tunapata "I will to come". Dawa ni kuikata sentensi vipande vitatu ubaoni, yaani mtendaji, "will" na kitenzi kitupu, na kusisitiza kwamba kitenzi hicho hakivai chochote: hakina "to" mbele, hakina "s", "ing" wala "ed" nyuma. Anayeandika "He will goes" si mvivu. Alifundishwa wiki iliyopita kwamba "he" hudai "s", akashika. Aambiwe waziwazi kuwa penye "will" deni hilo limefutwa. Na anayeandika "My father he will come" anaisikia a- ya Baba atakuja. Kwa Kiingereza baba akishatajwa, "he" haina nafasi.

Kundi la pili halionekani kabisa katika zoezi la kugeuza sentensi. Nitafurahi, atachoka, tutachelewa, watashiba ni vitenzi kwetu, lakini Kiingereza huvieleza kwa sifa, na sifa hudai "be". Ndiyo maana tunasoma "I will happy" na "They will late". Mwanafunzi apewe sita tu za kuanzia, "happy", "tired", "late", "hungry", "full" na "angry", azitungie sentensi zenye "will be" mpaka zimtoke bila kufikiri. Hapo hapo aongezewe Kutakuwa na mtihani, ambayo ni "There will be a test", na wala si "There will have". Nitaweza nayo ni "I will be able to", kwa sababu "will" na "can" hazikai pamoja katika kitenzi kimoja.

Swali linahitaji kusimama kwa miguu. Kwa Kiswahili tunauliza kwa sauti tu: Utakuja. Utakuja? Maneno hayahami. Kwa hiyo mwanafunzi husema "You will come?" na, mbaya zaidi, "When you will come?" Chukua karatasi za manila, andika YOU, WILL na COME kwa herufi zenye urefu wa kiganja ili dawati la nyuma lione. Wanafunzi watatu wasimame mbele wakizishika. Ili sentensi iwe swali, YOU na WILL wabadilishane nafasi mbele ya macho ya darasa. Kisha aje wa nne mwenye WHEN asimame mwanzo wa mstari. Mwangalie YOU wakati huo: mara nyingi atataka kurudi alikotoka, kana kwamba WHEN amemaliza kazi ya kuuliza. Kosa la "When you will come" linazaliwa pale pale, na darasa zima likiliona kwa macho halitahitaji maelezo ya nusu saa.

Majibu yana mtego wake. Ukiulizwa Hutakuja? nawe huji, Kiswahili kinakuruhusu kujibu Ndiyo, sitakuja, maana unakubaliana na muulizaji. Kwa Kiingereza, "Won't you come?" hujibiwa kwa kuangalia tendo lenyewe: unakuja, "Yes, I will", huji, "No, I won't". Anayejibu "Yes" akimaanisha haji ataachiwa sahani mezani.

Tukiwa kwenye "won't", hapa pana kosa la masikio ambalo vitabu vya mazoezi haviwezi kuliona. "Won't" na "want" katika midomo yetu huwa neno moja, "wont". Sauti ya kwanza huanzia o na kuishia kama u. Ya pili ni fupi na mdomo hufunguka zaidi. "I won't pay" na "I want to pay" ni mambo mawili tofauti kabisa, hasa kwenye simu. Kinachomsaidia msikilizaji ni "to": "want" ikifuatwa na kitenzi huwa na "to", "won't" haina. Ndiyo maana aliyezoea kusema "I want pay" anajinyima alama yenyewe ya kutofautisha. Mwalimu afiche mdomo kwa daftari asome sentensi kumi zilizochanganywa. Wanafunzi wainue kidole kimoja wakisikia "won't", viwili wakisikia "want". Asome nyingine zenye jina baada ya "want", kama "I want water", ili wasitegemee "to" peke yake. Na pale penye fedha au ahadi nzito, mwanafunzi aseme "will not" kwa ukamilifu, hakuna atakayemcheka.

Sasa lile kosa linalodumu hata kwa waliomaliza kidato cha sita: "When he will come, I will tell him." Atakapokuja ina -taka- ndani yake, kwa hiyo mkono unaandika "will" wenyewe. Kiingereza hapo kinataka wakati uliopo: "When he comes, I will tell him." Vitini vingi vinasema tu kwamba baada ya "when" na "if" usitumie "will". Kanuni hiyo ni nusu, na inaleta balaa jipya, maana aliyeishika sawasawa ataandika "I don't know when he comes" akimaanisha Sijui atakuja lini, na hapo "will" ilitakiwa.

Kipimo kizuri tunacho katika Kiswahili. Sema sentensi yako kwa Kiswahili kwanza. Kama "when" yako ni lini, weka "will". Kama ni -po-, usiweke. Sijui atakuja lini: "I don't know when he will come." Atakapokuja nitamwambia: "When he comes, I will tell him." Kwa "if" kipimo ni -ki-. Kama atakuja nitamwambia inageuka bila taabu kuwa Akija nitamwambia, kwa hiyo ni "If he comes". Lakini Sijui kama atakuja haigeuki kuwa Sijui akija, kwa hiyo ni "I don't know if he will come". Watakaokuja nayo ina -taka-, ila inabaki na "will": "the guests who will come tomorrow". Kinachoifukuza "will" ni -po-.

Zoezi lake ni sentensi nane za Kiswahili, nne za -po- na -ki-, nne za lini na kama, zimevurugwa. Raundi ya kwanza mwanafunzi asitafsiri hata neno moja. Aweke tiki pembeni panapotakiwa "will" na X pasipotakiwa. Atafsiri raundi ya pili. Wakianza kutafsiri moja kwa moja, akili yote inakwenda kwenye msamiati na kanuni inasahaulika. Wakishazoea, ongeza kabla: Kabla hajafika ni "Before he arrives". Wanaoandika "Before he has not arrived" wamebeba ukanushi wa -ja- wakauvusha mpaka upande usiouhitaji.

Wakati ujao haufundishiki bila saa, kwa sababu ahadi nyingi zina saa. "I will come at two o'clock" ya mtu anayemaanisha saa mbili asubuhi inamkosesha miadi kwa saa sita. Kujumlisha na kutoa sita kichwani kunachosha. Kuangalia saa ya mshale ni rahisi. Kiingereza husoma namba inayoelekezwa na mshale mfupi, Kiswahili husoma namba iliyo upande wa pili. Mshale uko kwenye 8, wao ni "eight", sisi ni mbili. Usiku wa kuamkia Jumanne nao ni "Monday night". Na Nitarudi baada ya siku mbili ni "in two days". "By" na "until" zitenganishwe kwa kuuliza kama kazi inakoma au inaendelea: "I will finish it by Friday", "I will stay until Friday".

Kuhusu "shall". Bado kuna madarasa yanayokariri "I shall, we shall", na wengine wote "will". Kanuni hiyo iliandikwa na John Wallis mwaka 1653, katika kitabu cha sarufi ya Kiingereza alichokiandika kwa Kilatini kwa ajili ya wageni. Mazungumzo ya leo hayaifuati, na mwanafunzi anayeanza hana sababu ya kupoteza kipindi kwayo. Amfahamu "shall" mahali anapoishi: "Shall we go?" ni Twende?, "Shall I open the window?" ni Nifungue dirisha? Katika mikataba, "The tenant shall pay" ni amri kwa mpangaji.

"Going to" isubiri wiki mbili tatu. Ni kweli Kiingereza hutofautisha jambo lililokwisha kupangwa na uamuzi wa papo hapo, ambapo sisi tuna -ta- moja, na mtu akibisha hodi utasema "I'll open it", husemi "I'm going to open it". Lakini anayeanza akitumia "will" kote ataeleweka. Akichanganya vyote viwili siku moja ataandika "I will going to". Jambo moja tu lisisubiri, nalo ni Nakuja ya mtu anayetoka mlangoni. Kwetu inaeleweka kuwa atarudi. Mgeni akiambiwa "I'm coming" na mtu anayempa mgongo hushangaa. Aambiwe "I'll be back in five minutes".

Kipindi cha dakika 40 kinatosha kama jedwali litapewa tano tu. Kumi ziende kwenye karatasi za manila, kumi kwenye moja kati ya mitego hii, na 15 kwenye ratiba ya wiki. Mwanafunzi achore mistari saba daftarini, Jumatatu hadi Jumapili, aandike atakayoyafanya kweli: kufua sare, kusuka nywele, mechi, kwenda shamba. Mistari miwili ianze na "I won't", mitatu iwe na saa. Kisha jirani yake amuulize "What will you do on Saturday?" na kuyaandika majibu kwa nafsi ya tatu. Hapo ndipo "will goes" hujitokeza, na hapo ndipo "he" na "she" huchanganywa, kwa kuwa a- yetu haibagui. Darasa likiwa na wanafunzi 80 mwalimu asikusanye madaftari yote. Asahihishe ya mstari mmoja wa madawati kila kipindi, ahesabu kosa linalojirudia zaidi, aanze nalo kesho.

Nawe Mhariri, ukurasa wako wa elimu unaweza kuchapa sentensi kama hizi badala ya zile kumi za kugeuza: Mvua ikinyesha hatutacheza. Sijui basi litaondoka saa ngapi. Atakapofika tutakula. Mama atachoka. Hutakuja kesho kutwa? Nitamaliza kabla mwalimu hajaingia. Majibu yatoke toleo linalofuata, na kando ya kila jibu sababu yake kwa mstari mmoja, maana anayejifunzia nyumbani hana wa kumuuliza.

Walimu wa Kiingereza,
Morogoro