Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vitabu vya Katuni kwa Watoto Wanaoanza Kusoma

Ndugu wanachama,

Nawashukuru nyote mliofika Mikindani, hasa mliotoka Newala, Tandahimba na Masasi. Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu, na kumbukumbu za vikao anazo katibu, kwa hiyo huko siingii. Nitazungumzia kazi yenyewe: vitabu vya katuni za kuchekesha tunavyowatengenezea watoto wa darasa la kwanza na la pili, na kwa nini naomba tuendelee navyo licha ya maneno tuliyoyasikia mwaka huu.

Maneno hayo mnayajua. Shule moja ilivipokea vitabu vyetu, ikavirudisha baada ya wiki chache kwa maelezo kwamba mtoto anakuja shuleni kusoma, si kucheka. Wapo pia wazazi waliosema katuni ni mambo ya magazetini. Siwalaumu. Wengi wetu tulifundishwa kwa kuimba ba, be, bi, bo, bu mpaka sauti zikakauka, na tukajua kusoma. Lakini nani kati yetu amewahi kumwona mtoto akiurudia ukurasa wa kitabu cha darasani kwa hiari yake?

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulioanza 2015 kwa madarasa hayo mawili, ulitaka mtoto asome kwa ufasaha, na ufasaha hauji bila kurudia. Mara ya kwanza nguvu zote za mtoto zinaishia kwenye kuunganisha silabi. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshamtoka. Mara ya pili anaelewa. Mara ya tatu anasoma kwa sauti ya mtu anayezungumza. Nani atamfanya asome mara tatu? Fimbo haiwezi. Kichekesho kinaweza, maana mtoto akishacheka, hatulii mpaka ampate mwenzake amsomee na yeye.

Chukueni ule ukurasa wa Fisi na mabibo. Fisi amevaa kanzu nyeupe pe, anakwenda harusini, anapita chini ya mkorosho. Sungura anamwambia, “Mjomba, usile.” Fisi anajibu, “Moja tu.” Kisanduku cha pili: “Moja tu.” Cha tatu: “Moja tu,” na doa limeshafika kifuani. Ukifunua ukurasa, kanzu nzima ni madoa, na Fisi anawaambia wenye harusi, “Ni maua.” Mtoto aliyehangaika na “moja tu” ya kwanza, ya tatu anaisoma kwa kutupa jicho. Na hapa kwetu hakuna mtoto asiyejua kwamba maji ya bibo yakishaingia nguoni hayatoki, ufue kwa sabuni gani. Darasa linacheka kabla mwalimu hajafafanua chochote. Asiyecheka, mwalimu anajua palepale kwamba huyo ametamka maneno tu, hajaelewa. Kwa mtoto aliyekulia Kimakonde au Kimwera nyumbani, picha inamwonyesha maana hata pale Kiswahili kinapompiga chenga.

Wanaodhani katuni si vitabu nawapa mfano wa Marekani. Huko tangu 2006 hutolewa Tuzo ya Theodor Seuss Geisel kwa vitabu vya wanaoanza kusoma. Mwaka 2008, na tena 2009, aliipata Mo Willems, ambaye tembo na nguruwe wake huzungumza kwa viputo vya maneno tu. Mwaka 2010 ilikwenda kwa kitabu cha katuni chenyewe, chenye visanduku na kila kitu. Jambo moja la Willems tunaweza kujifunza: viputo vya tembo vina rangi ya kijivu na vya nguruwe rangi ya waridi, ili mtoto asipotee ni nani anayesema. Sisi tunatoa nakala nyeusi na nyeupe pale steshenari, rangi hatuiwezi kwa sasa. Ndiyo maana wachoraji wetu wanampa Fisi kiputo chenye kingo za meno meno na Sungura cha mviringo. Nimeona watoto wakikitambua kiputo cha Fisi hata kabla ya kusoma herufi moja.

Mengine ya kiufundi ni mafupi. Tuendelee na herufi ndogo, ingawa katuni nyingi huandikwa kwa herufi kubwa, kwa sababu vitabu vingine vyote atakavyokutana navyo mtoto vina herufi ndogo. Anayeanza kusema akae kushoto na juu. Kichekesho kiwekwe nyuma ya ukurasa, kisionekane mapema. Tanakali sauti zetu tuzitumie bila uchoyo: pu, chubwi, tifu. Ni silabi moja au mbili, na mtoto anazisoma kwa nguvu zote.

Ombi langu kubwa ni kwa waandishi. Miswada mingi tuliyopokea inaishia kwa Fisi kutubu na Sungura kutoa nasaha. Kateni hayo. Nasaha mtoto anazipata nyumbani, msikitini, kanisani na mstarini asubuhi. Kitabu hiki kimwachie kicheko chake.

Kwa kuwa nakala ni chache, walimu wamekuwa wakiwasomesha watoto wawili wawili, mmoja Fisi, mwenzake Sungura, kisha wanabadilishana. Napendekeza mwakani tuandike hadithi zote kwa sauti mbili kwa makusudi, na tuwalipe wachoraji, ambao hadi sasa wamejitolea wino, karatasi na muda wao.

Miswada imfikie katibu kabla ya Oktoba. Minada ya korosho ikishaanza, hakuna atakayepatikana kwenye kikao.