Barua ya wazi kwa Mkaguzi wa Dawa wa Wilaya: kalamu bado iko kwenye friji yangu

Mheshimiwa Mkaguzi,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Najua kazi ni nyingi, maana mara tatu nimefika ofisini kwako, na mara tatu karani ameniambia umetoka kwenda kukagua. Kwa jinsi unavyokagua, huenda siku moja utapita na kwetu.

Mimi ni askari polisi mstaafu. Kiswahili hiki nilikipata depo, nami nakiandika ili wenzangu wa kambini na wa huku mpakani waisome barua hii. Mdogo wangu wa kike, fundi cherehani, ana kisukari mwaka wa saba sasa. Humeza vidonge vya kushusha sukari, metformini na glibenklamidi, na alikuwa anajimudu vizuri. Mwezi uliopita duka la dawa nyuma ya stendi ya teksi lilimuuzia kalamu ya sindano kwa shilingi 650,000, likamwambia itashusha sukari na tumbo kwa pamoja. Hakuulizwa anameza nini. Kalamu ilitolewa kwenye friji ya soda. Akaagizwa azungushe kitufe hadi mwisho "ifanye kazi haraka".

Semaglutidi, dawa ya kalamu hiyo, huanzwa kwa miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, wiki nne, ndipo dozi inapandishwa. Hayo nimeyasoma mimi, mzee wa miaka 61, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Muuzaji mwenye koti jeupe hakuyajua.

Alitapika siku mbili, hata maji hayakukaa. Tukasema itapita, kwa kuwa kutapika kunajulikana kwa dawa hizi. Siku ya tatu alfajiri mwanawe akanigongea: mama haamki. Nilimkuta shuka limelowa jasho, meno yameumana. Kituo cha afya walimpima wakakuta sukari 1.8, chini mno. Nesi alipomaliza kumchoma glukosi, alifungua macho, akauliza gauni la bibi harusi liko wapi. Mimi ndipo nikakaa chini sakafuni.

Daktari alisema semaglutidi peke yake ni nadra kuangusha sukari kiasi hicho, lakini ikikutana na glibenklamidi kwa mtu asiyekula, yanaweza kutokea. Namheshimu. Ila mimi nina shaka yangu. Ukiinua ukingo wa lebo ya kalamu kwa ukucha, chini yake kuna lebo nyingine, ya rangi nyingine. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu kalamu bandia za Ozempic, jina la kibiashara la semaglutidi, zilizopatikana Brazil, Uingereza na Marekani, na likasema bandia hizo zinaweza kuwa na dawa nyingine ndani, kama insulini. Huko Austria mwaka 2023 watu walilazwa kwa sukari kushuka baada ya kujichoma bandia. Je, hii ndiyo iliyotufikia? Mimi si maabara.

Mheshimiwa, kwenye mkutano wa Februari pale uwanja wa soko ulisema maduka yote ya daraja C yatakaguliwa kabla ya Pasaka. Tulikupigia makofi, mimi kuliko wote. Hukusema Pasaka ya mwaka gani. Duka hilo limebandika leseni ya daraja C ukutani, na unajua kunishinda kwamba leseni hiyo hairuhusu kuuza dawa ya kuandikiwa na daktari, sembuse sindano ya aina hii. Juzi nimeona mama mwingine akitoka pale na kisanduku kilekile, anacheka.

Sidai fidia. Sidai hata mtu akamatwe, ingawa mikono inaniwasha, kazi hiyo niliifanya miaka 28. Nadai uje uichukue kalamu hii ipimwe. Imebaki dawa ndani. Nimeifunga kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, iko kati ya maziwa ya wajukuu na nyanya, na kila anayefungua friji lazima aapishwe kwanza. Kalamu ambayo haijaanza kutumika inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, na hii naitunza hivyohivyo. Jana umeme ulikatika saa sita mchana, nikaenda kwa muuza samaki kununua barafu ya kutunza ushahidi wako.

Tuma mtu tu. Hata karani. Jumatatu nipo, Jumanne nipo, na barafu ya muuza samaki haipatikani Jumapili.

Wako mtiifu,
Askari mstaafu