Mashimo meusi ya mwanzo: kagueni mtaji, acheni kalenda

Mhariri,

Makala yenu kuhusu darubini ya James Webb niliifurahia hadi aya ya mwisho, mwandishi alipodai kuwa mashimo meusi makubwa yaliyoonekana mbali sana yanathibitisha kwamba Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu, haukutokea. Nikaliweka gazeti chini, nikachukua kalamu. Nimestaafu ukaguzi wa hesabu, ila ukaguzi wenyewe haujanitoka.

Tuichukue kwasari J0313-1806, yaani kiini cha galaksi king'aacho mno kwa sababu ya shimo jeusi linalomeza gesi, iliyotangazwa Januari 2021. Shimo la katikati yake lina uzito wa Jua mara bilioni 1.6, nasi, kwa kuwa mwanga wake umechukua muda mrefu mno kutufikia, tunaliona lilivyokuwa miaka milioni 670 tu tangu ulimwengu uanze. Shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, hunenepa kwa kumeza gesi, lakini halimezi litakavyo. Gesi inayoporomoka hupata joto kali na kung'aa, na mwanga huo huisukuma nyuma gesi inayofuata. Kikomo hicho kina jina la Mwingereza Arthur Eddington, na likikifuata, shimo huongezeka maradufu kila baada ya miaka milioni 30 hivi, pengine zaidi kidogo.

Basi tupige hesabu. Nyota ya kwanza ikifa na kuacha shimo la uzito wa Jua mara 100, ili kufika bilioni 1.6 linahitaji kuongezeka maradufu mara 24. Hiyo ni miaka milioni 720, bila kupumzika hata siku moja. Tumeshapita 670, na bado hatujatoa muda ambao ulimwengu ulikuwa giza, hauna nyota yoyote.

Mkaguzi akikuta kampuni changa yenye mali nyingi kupita kiasi, hasemi kalenda ni ya uongo. Huuliza mambo mawili: ilianza na mtaji gani, na je, mapato yalivuka kiwango kilichodhaniwa?

La mapato si la kupuuzwa. Mwaka 2024 lilitangazwa shimo liitwalo LID-568, linaloonekana kumeza takriban mara 40 ya kikomo cha Eddington. Ila ulafi wa namna hiyo sidhani unadumu. Gesi ya jirani huisha au hufukuzwa.

Mimi naelemea kwenye mtaji. Gesi ya mwanzo ilikuwa karibu yote hidrojeni na heli. Hidrojeni ikijiunga kuwa molekuli hupoa, ikimeguka vipande vipande, na kila kipande kikawa nyota. Lakini penye galaksi jirani inayomwaga mionzi ya urujuanimno, molekuli hizo huvunjwa. Wingu hubaki na joto la nyuzi elfu kadhaa, halimeguki, na huporomoka kwa pamoja hadi kuzaa shimo lenye uzito wa Jua mara 10,000 au hata 100,000. Ukianza na 100,000, unahitaji kuongezeka maradufu mara 14 tu: miaka milioni 420. Vitabu vinalingana, na kalenda haijaguswa.

Tena kuna UHZ1, galaksi iliyoonekana kwa James Webb pamoja na darubini ya eksirei ya Chandra, na kutangazwa Novemba 2023. Ni ya miaka milioni 470 tangu mwanzo. Uzito wa shimo lake unakadiriwa kukaribia uzito wa nyota zake zote, ilhali katika galaksi za karibu nasi shimo huwa kama sehemu moja tu ya elfu. Shimo lililoanza dogo lingewezaje kulingana na galaksi nzima mapema hivyo?

Wapo wanaotetea njia nyingine, kama nyota zilizosongamana na kugongana hadi zikawa kitu kimoja. Hoja hizo zina nafasi yake, na ushahidi mwingine unatarajiwa: Shirika la Anga la Ulaya linapanga kurusha LISA, kituo cha uchunguzi cha angani, mwaka 2035, ili kupokea mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo ya anga lenyewe, kutoka kwa mashimo yanayoungana, yakiwemo ya zama hizo. Mwandishi wenu angeeleza mjadala huu wa wanasayansi badala ya kuufuta Mlipuko Mkuu kwa sentensi moja. Naomba masahihisho yachapishwe katika ukurasa uleule.

Mkaguzi wa hesabu mstaafu