Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kutu, nyufa na madeni ya ada

Ndugu wanachama wa chama chetu cha mafundi wa mabomba ya mafuta na gesi, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Najua taarifa hii imechelewa, lawama nibebeni mimi sio katibu, nilikua saiti sehemu ambayo mtandao unaupata ukipanda juu ya kichuguu tu na hapo mpaka unyooshe mkono. Hesabu za fedha mhazini atawasomea mwenyewe mkutanoni, sitaki kumuingilia, ila la ada nitalisema huko chini, msijifanye mmeishia katikati.

Tunamshukuru Mungu mwaka umeisha hakuna mwenzetu aliyeumia kazini. Tulimzika mmoja wetu, fundi wa anodi (vile vyuma vya kulinda bomba na kutu kwa umeme), aliugua muda mfupi tu, na waliosafiri mpaka kwao kwa nauli zao wenyewe nawashukuru sana, familia inakumbuka.

Kazi kubwa tuliyofanya mwaka huu ni madarasa ya Jumamosi na nitayaongelea kwa urefu manake wengi hamkuja. Yalianza kwa ubishi. Mawelda wetu mnajijua, mnaamini bomba ni jointi, pale vipande viwili vinapoungwa, na mengine yote ni mapambo, watu wa koting, wanaovalisha bomba kinga ya kutu, mnawaona kama wapaka rangi wa geti. Sasa siku ile kijana mmoja wa koting akauliza, mzee, bomba likipasuka kwa presha linapasuka kwa upande gani? Kimya. Mama mmoja anayetupikiaga chai ndo akajibu, si kama soseji kwenye karai, inapasuka kwa urefu. Na ndivyo ilivyo kabisa. Presha ya ndani inalivuta bomba kwenye mzunguko wake mara mbili ya inavyolivuta kwa urefu wake, kwa hiyo ufa unaoogopesha ni ule unaolala kwa urefu, na jointi yako welda imezunguka bomba, ufa hauna haja ya kupita hapo, unaweza kuanzia popote koting ilipoachia na maji yakaingia.

Hapo ndo tukaingia kwenye stresi korosheni (sio korosho za Mtwara jamani, mmoja alicheka wiki nzima). Mjue kutu ya kawaida inakula chuma kama mchwa, inachimba shimo, chuma kinapungua unene, ukifukua unaiona hata kwa macho. Hii nyingine haipunguzi chuma kiasi cha kuonekana, inachana. Inataka vitu vitatu vikutane, chuma chenyewe, maji ya udongoni yenye kaboneti au kabonidayoksaidi yaliyogusa chuma, na mvuto wa presha. Vikikutana unapata vinyufa vyembamba kama unywele, vimejipanga kundi zima, vyote vimelala upande mmoja, na kila presha inapopanda na kushuka vinasogea kidogo mpaka siku vinaungana. Marekani waliujua ugonjwa huu kwa uchungu, bomba la gesi lililipuka karibu na Natchitoches, Louisiana, Machi 1965, watu 17 wakafa. Pigi, kile kifaa cha ukaguzi kinachopita ndani ya bomba, ile ya sumaku ya kawaida ukiituma inasoma chuma kilicholiwa vizuri tu, lakini ufa mwembamba uliolala kwa urefu inaupita kama haupo, mpaka utumie ya mawimbi ya sauti au ufukue, usafishe, upake rangi nyeupe na wino wa sumaku ndo vijitokeze.

Kesi tuliyokaa nayo Jumamosi tatu ni ya Marshall, Michigan. Bomba la inchi 30, lilifukiwa 1969, limefungwa kwa tepu ya plastiki. Ile tepu ikipita juu ya mshono wa urefu wa bomba hailali vizuri, pale kwenye kinundu cha weldi inakaa kama hema, pembeni panabaki kauwazi. Maji yanaingia pale yanakaa miaka. Na mkondo wa umeme wa kulinda bomba haufiki, plastiki yenyewe imeuzuia, yaani kule juu kwenye kijiti cha kupimia unapata volti zako hasi 0.85 za kuonesha bomba limelindwa, unafurahi unaandika sawa, kule chini ya hema chuma kiko peke yake. Tarehe 25 Julai 2010 likachanika, mpasuko wa zaidi ya mita mbili. Waliokua chumba cha kuendeshea, Edmonton, Canada, waliona alamu zinalia wakadhani ni mafuta yameachana tu ndani ya bomba kama inavyotokea ukisimamisha pampu, wakawasha tena. Mara mbili! Sehemu kubwa ya mafuta yote yaliyomwagika yalitoka kwenye huko kuwasha tena. Yalipita masaa 17 mpaka mfanyakazi wa kampuni nyingine ya gesi alipopiga simu kwamba jamani mafuta yako kwenye kijito. Zaidi ya lita milioni 3, mto Kalamazoo ukawa mweusi, usafi ukala zaidi ya dola bilioni 1.

Lakini hicho sicho kilichonikosesha usingizi mimi. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba ile kasoro iliyochanika ilikua imeshaonekana. Kifaa cha ukaguzi kiliisoma 2005, ikaandikwa, ikakokotolewa, ikaonekana inaweza kusubiri. Miaka mitano. Hakuna aliyechimba.

Kuna aliyeniambia mwenyekiti hayo ni ya Marekani, sisi mabomba yetu mapya. Mapya yapi? TAZAMA, bomba la mafuta letu na Zambia, ilianza kazi 1968, kilomita 1,710 toka Dar mpaka Ndola, na tangu 2023 imehamia kusafirisha dizeli. Sisemi ina ugonjwa wa Michigan, nasema umri wao ni mmoja. Majirani Kenya walikua na bomba la Mombasa Nairobi la 1978, wakazi wa Thange kule Makueni wanajua lilipovuja 2015 liliwaachia nini kwenye maji na mashamba. Na bomba letu la gesi la Mtwara, inchi 36, limezinduliwa 2015, jipya la jana hilo limeshavuka miaka kumi.

Haya twende Tanga sasa, manake vijana wengi wa chama ndo macho yao yako huko. Bomba la Hoima mpaka Chongoleani ni kilomita 1,443, inchi 24, mafuta yake yana nta, yakipoa yanaganda kama samli, kwa hiyo lazima yatembee ya moto kuanzia nyuzi 50 hivi na bomba livalishwe povu la kutunza joto, ndo kazi iliyokua inafanyika pale Sojo, Nzega. Sasa bomba lililovalishwa povu lina faida yake na lina wasiwasi wake. Maji yakipenya ndani ya povu yanakaa karibu na chuma cha moto, na joto ndo rafiki wa kutu. Kule California, pwani ya Refugio, kulikua na bomba la inchi 24 pia, mafuta mazito ya kupashwa moto, limevalishwa povu pia. Mei 2015 wakapitisha pigi, kifaa kikasema pale chuma kimeliwa asilimia 47. Tarehe 19 mwezi huohuo likatoboka, mafuta yakafika baharini. Walipokata kipande wakapima maabara, chuma kilikua kimeliwa asilimia 89. Kifaa kilikua ni kizima na wataalamu walikuwepo, ila namba ilikua imekaa vibaya.

Sisemi la Tanga litakua hivyo, Tanga wamevalisha kiwandani kwa mitambo ya siku hizi sio tepu ya 1969. Ninachosema ni kwamba kiwanda kinavalisha bomba, jointi tunaivalisha sisi, porini, upepo unapiga vumbi, mvua inanusa, na supavaiza anaangalia saa. Udhaifu ukiwepo utakua kwetu. Na pwani ile ya Chongoleani mnaijua, matope ya mikoko ukiyachimba yananuka yai viza, hao ni bakteria wanaofanya kazi yao bila hewa, nao chuma wanakipenda.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kulisema kwenye mkutano. Miaka mingi nyuma, kampuni moja siitaji, nilikua mkaguzi wa koting wa laini. Asubuhi chuma kina jasho, sheria tunaijua wote, chuma kiwe juu ya nyuzi joto la umande (pale unyevu wa hewa unapogeuka maji) kwa nyuzi 3 au zaidi, kipimo changu kikasema bado. Mkubwa akasema mvua ya mchana inakuja, pakeni. Tukapaka. Kupima matundu ya koting, mashine ya cheche (inaruka cheche penye tundu) betri imekufa, ya akiba iko kambini kilomita kibao. Fomu ikaletwa, ina visanduku, mimi nikatia vema kwenye vyote nikasaini. Jioni jointi ikafukiwa. Hakuna aliyenishika shati, mjue, nilisaini kwa mkono huu huu, na sijawahi kusikia ile jointi imeleta shida, inawezekana iko salama kabisa. Ila ninyi mkisoma kwamba Michigan iliandikwa 2005 mnasema wazembe wale, mimi nakumbuka vile visanduku.

Ndo maana mwaka huu kamati ilikataa pesa ya chama kununua fulana na kofia, mlinuna najua, tukanunua mashine ya kutafuta matundu ya koting, ya cheche, na betri zake mbili za akiba. Ni ya chama, sio ya mwenyekiti. Mwanachama hai anaichukua kwa siku bila malipo, anasaini kwa katibu, akiirudisha imevunjika brashi analipa brashi. Kontrakta akikwambia mashine haipo unamwambia ipo, nipe masaa mawili niitume kwa bodaboda.

Pia tuliandika barua kwa makontrakta kadhaa kuomba mkaguzi aruhusiwe kuandika "sijapima" kwenye fomu bila kufukuzwa kazi. Mmoja tu ndo kajibu, kasema watalijadili. Tutawaandikia tena.

Waya za shaba za kulinda bomba zinaendelea kukatwa na watu wa skrepa, wenzetu wa rekitifaya, mashine za kutoa huo umeme wa kulinda bomba, wanahangaika, bado hatuna jibu zuri, anayeona tofauti asimame mkutanoni.

Ada. Nusu yenu hamjalipa na baadhi ndo wa kwanza kuuliza mashine iko wapi. Sitataja majina humu, mhazini anayo na hana aibu.

Uchaguzi uko palepale, mimi muda wangu umeisha na sigombei, msinipigie simu usiku. Mkutano ni Jumamosi ile ile ya kawaida, ukumbi ule ule, chai ipo. Mashine itakua mezani na kipande cha bomba kilichopakwa koting, kijana wetu mmoja amekitoboa makusudi sehemu kadhaa kwa sindano halafu akapafuta vizuri. Mawelda mnaosema mnaona kwa macho, mtaanza ninyi kuonesha yalipo, halafu tutawasha mashine.