Msiyapake rangi makabati ya mninga, anzeni na ukuta

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni tangu masika na kila nikienda kwa watu nalikuta. Watu wanapaka rangi nyeupe makabati ya jikoni ya mninga. Sio ya MDF jamani, zile bodi za unga wa mbao uliogandamizwa, mninga kabisa, mbao ambazo baba wa nyumba alizinunua kidogo kidogo akazirundika stoo zikauke ndio fundi akaitwa. Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja tu, jiko lina giza.

Giza lenyewe ni la kweli, sibishi, hata langu lilikuwa nalo. Nakaa Tanga, dirisha la jiko langu linaangalia kusini na mbele yake kuna ukuta wa jirani, sasa mwezi wa 6 na wa 7 jua likiwa upande wa kaskazini jikoni haliingii kabisa, saa nne asubuhi nawasha taa ndio nione mchele una mawe au hauna. Makabati ni ya mninga, juu na chini, na kaunta ni ya terazo ya kijivu. Mkwe wangu akaniambia mama tuyapake nyeupe, siku hizi ndio yanavyofanywa, patang'aa. Na kwa kweli nilikaribia kukubali.

Kilichonizuia ni kwamba jiko la rafiki yake mmoja lililopakwa hivyo nilikwenda kuliona. Miezi michache tu ilikuwa imepita, lakini kwenye vishikio rangi imebanduka vipande kama maganda, na kwenye maungio ya mbao kuna madoa ya kahawia mekundu yamepenya hadi juu. Aliyewahi kuona mninga ukikatwa mbichi hashangai, ule mti unatoa utomvu mwekundu kama damu, na rangi hiyo ya ndani ya mbao inakuja juu ukipaka rangi bila praima ya kuzuia madoa. Halafu vanishi ya zamani haikupigwa msasa vizuri kwa hiyo rangi mpya haikuwa na pa kushika. Sasa yule binti akitaka kurudisha mbao yake lazima akwangue kila kitu, kwenye kona na michoro haitoki yote. Niliumia.

Basi nikasema ngoja tuanze na ukuta. Hapo napo tulikosea mara mbili na ndio sababu ya kuandika barua hii ndefu, ili mtu mwingine asitupe hela.

Mara ya kwanza fundi aliniambia mwalimu weka krimu, krimu inang'arisha. Tukaweka krimu. Jioni taa ikiwaka, na ilikuwa ile balbu ya mwanga wa njano, ukuta njano, makabati yana unjano na wekundu, siling bodi nayo imeshakuwa njano kwa moshi na mafuta ya kukaangia, yaani jiko zima likawa rangi moja ya chai ya maziwa. Hapakuwa na giza sana ila hapakuwa na mwanga pia, jicho halina pa kupumzika.

Mara ya pili nikasema basi nyeupe pepepe. Tukapaka nyeupe yenyewe ile inayoelekea ubuluu kidogo kama shati la shule lililotiwa buluu. Ukuta ulikuwa mweupe kweli, lakini makabati yakawa mekundu kama tofali za kuchoma, mekundu kuliko yalivyokuwa! Mbao ni zile zile, hakuna aliyezigusa. Mkwe wangu akasema si unaona mama, mbao ndio tatizo.

Mimi nimefundisha kemia sekondari miaka mingi kabla ya kustaafu, na hapo nikamkumbuka Chevreul. Wanaomjua wanamjua kwa sabuni, ndiye Mfaransa aliyeonyesha mafuta yameundwa na nini, asidi za mafuta na gliserini. Lakini mwaka 1824 alipewa kusimamia upakaji rangi wa nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins pale Paris, na wafumaji walikuwa wanalalamika kwamba nyuzi nyeusi hazikolei. Akazipima, akakuta rangi ya nyuzi ni nzuri tu, kinachofanya nyeusi ionekane imefifia ni rangi zilizolala jirani yake. Mwaka 1839 akachapisha maelezo yake yote: rangi mbili zikikaa pamoja kila moja inaisukuma mwenzake iende mbali nayo. Buluu inamsukuma jirani yake kwenye rangi ya chungwa, kijani inamsukuma kwenye wekundu. Kumbe ule ubuluu mdogo kwenye nyeupe yangu ndio uliokuwa unayapaka makabati wekundu, bila brashi.

Sasa nyeupe gani? Jibu sikulipata dukani, nililipata Pangani. Nyumba ya bibi yangu pale ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe, juu kuna boriti za mikoko nyeusi kabisa kwa umri, na milango yake ya mbao imeiva kahawia. Madirisha ni madogo. Kwa hesabu ya siku hizi nyumba ile ilitakiwa iwe na giza kuliko jiko langu mara tatu, lakini ukiingia mchana unaona kila kitu, unaweza kushona. Kwa sababu kuta ni chokaa. Na chokaa ya kuchoma matumbawe sio nyeupe ya ubuluu, ina ujoto fulani kama ndani ya nazi, halafu haing'ai kama kioo, inautawanya mwanga pole pole chumba kizima. Boriti hakuna aliyewahi kufikiria kuzipaka nyeupe. Zinakaa pale juu nyeusi na zinapendeza kwa sababu kati yake kuna weupe. Wazee wa pwani walishaumaliza mjadala huu zamani sana.

Nikarudi dukani kwenye ile mashine ya kuchanganyia rangi nikamwambia kijana nataka nyeupe ya chokaa, sio krimu na sio ya hospitali. Alinielewa upesi, akaanzia na nyeupe akaongeza matone machache ya njano ya udongo na nyeusi kidogo sana ya kuuvunja ule unjano. Na hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho ningekijua mapema ningeokoa ndoo mbili. Baadhi ya kadi za rangi zina namba nyuma, kuanzia 0 mpaka 100, inayoonyesha rangi inarudisha mwanga kiasi gani. Nyeusi tii iko chini kabisa karibu na 0, nyeupe safi zinapita 85. Kwa jiko lenye makabati ya mbao, ambayo yanakula mwanga na yamefunika sehemu kubwa ya ukuta, ukuta uliobaki ndio unafanya kazi yote, hivyo mimi nasema usishuke chini ya 75. Niliyochukua ni 82. Siling bodi nikaipaka nyeupe safi isiyong'aa, na huko juu ndiko mwanga ulikoongezeka kuliko nilivyotegemea, watu wengi wanaisahau dari.

Ila msiamini kadi peke yake, wala msiamini ukuta ukiwa mbichi, rangi ya maji ikikauka huwa inakolea kidogo. Chukua boksi la katoni, lipake mikono miwili, yaani mara mbili, likauke, halafu lisimamishe pembeni ya kabati asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka. Lisogeze kona yenye giza. Nililihamisha hamisha boksi langu siku tatu nzima na nyumbani walichoka na mimi, lakini ndivyo nilivyogundua kwamba hata balbu inabidi ibadilike. Angalieni boksi la balbu limeandikwa nini, 2700K ni ile ya njano, 6500K ni ile nyeupe kali inayofanya hata nyanya zionekane hazina uhai. Niliweka 4000K, ipo katikati, rangi ya ukuta ikabaki ile ile mchana na usiku karibu sawa.

Kuna watakaouliza kuhusu kijani maana nayo iko kwenye fasheni. Kijani hafifu cha majani makavu nilikijaribu kwenye boksi. Kinapendeza na mninga, wekundu wa mbao unaamka, lakini mwanga hakiongezi, kwa hiyo ni cha jiko lenye dirisha kubwa la mashariki. Njano kali na machungwa sikujaribu kabisa.

Kabla ya rangi osheni ukuta jamani. Jikoni kuna mafuta usiyoyaona, rangi ikikaa juu yake itabanduka tu. Maji ya moto na sabuni, suuza, acha ukauke vizuri siku mbili, na kama ni masika subiri zaidi. Halafu chukua ya silki, inayong'aa kidogo, na sio ile ya mati isiyong'aa, ili doa la mchuzi ulifute kwa kitambaa. Kwa hesabu, jiko langu ni mita 3 kwa 4, ukuta urefu mita 3, zunguka kote unapata mita za mraba 42, ukitoa makabati, mlango, dirisha na vigae inabaki kama 25, mikono miwili ni 50, na lita moja inapaka kama mita 10 hadi 12. Yaani lita 5 zinatosha. Fundi wa kwanza alininunulisha ndoo ya lita 20.

Na makabati? Hili ndilo nililotaka hasa mlisikie. Nusu ya giza lake haikuwa mbao. Ilikuwa vanishi ya mafuta ya miaka mingi ambayo kwa asili yake inazidi kuwa njano kadiri inavyozeeka, na juu yake tabaka la moshi na mikono ya watu. Tuliosha mlango mmoja, tukapiga msasa mwepesi kufuata nyuzi za mbao mpaka vanishi ya zamani ikatoka, tukapaka vanishi ya maji isiyo na rangi. Tulipouweka pembeni ya mwenzake ambaye hajafanyiwa mkwe wangu alinyamaza kwanza, halafu akasema mama hii ni mbao nyingine. Ni ile ile. Ina rangi ya asali sasa na mistari yake yote inaonekana. Tulimaliza milango 14 kwa wiki mbili, yeye ndiye aliyepiga msasa mingi kuliko fundi.

Ombi moja kwa wanaopiga msasa rangi za mafuta za zamani, hasa zile njano na nyekundu kali, zinaweza kuwa na madini ya risasi, yaani ledi, ndani yake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Lowesheni kwanza, tumieni msasa wa maji, funikeni pua, na watoto na mama wajawazito wasiwepo nyumbani siku hiyo, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi na sio fagio. Na mkinunua rangi mpya ulizeni risasi ni kiasi gani, kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa kisizidi sehemu 90 kwa milioni.

Kwa wenye maduka ya rangi nina maombi mawili kupitia gazeti lako Mhariri. Ile namba ya kurudisha mwanga iandikwe kwenye kadi zote na muuzaji aweze kuieleza, na mtuuzie kopo dogo hata la nusu lita la kujaribia, maana sasa mtu akitaka kujaribu rangi tatu inabidi anunue galoni tatu, na ndio maana watu wanachagua kwa kubahatisha halafu wanaihukumu mbao.

Mwalimu mstaafu,
Tanga