Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Maktaba na Fedha za Watu

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji, ninawasilisha taarifa ya kazi za chama chetu kwa mwaka huu unaomalizika. Katibu atasoma kumbukumbu za vikao na mweka hazina atatoa hesabu zilizokaguliwa, kwa hiyo hayo sitayagusa. Nafasi hii nitaitumia kwa jambo moja lililobeba mwaka wetu mzima: lile azimio la mkutano uliopita kwamba maktaba za umma zianze kuwahudumia kwa makusudi wenye biashara ndogo na watu wanaohangaika na fedha zao.

Wapo wanachama waliouliza kama hiyo kweli ni kazi ya maktaba, na walikuwa na haki ya kuuliza. Kazi hii si ngeni. Mwaka 1904, mjini Newark, Marekani, mkutubi John Cotton Dana alifungua tawi la maktaba kwa ajili ya wafanyabiashara, akaliweka kule kwenye shughuli zao badala ya kuwangoja waje jengo kuu. Wasomaji wa tawi hilo walihitaji ramani, orodha za anwani za makampuni na katalogi za bidhaa kuliko walivyohitaji riwaya, na ndivyo walivyopewa. Ilani ya Maktaba za Umma ya IFLA, yaani shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, na UNESCO, katika toleo lake la 1994, nayo iliitaja waziwazi huduma ya taarifa kwa biashara za mahali maktaba ilipo kuwa miongoni mwa kazi zake za msingi.

Lakini hata bila historia hiyo ningeitetea kazi hii, kwa sababu moja. Mtu anayetafuta mkopo, bima au mahali pa kuweka akiba, karibu kila anayemweleza habari hizo ana kitu cha kumuuzia. Afisa mikopo ana malengo ya mwezi ya kutimiza. Wakala wa bima anasubiri kamisheni. Yule jamaa anayemwalika kwenye mpango wa kuzidisha fedha analipwa kwa kila kichwa anachokileta. Mkutubi hapati chochote, msomaji akikopa au asikope. Watu wa namna hiyo ni wachache sana katika maisha ya mtu wa kipato kidogo, na sisi tunao wamekaa nyuma ya meza ya mapokezi, wanaulizwa choo kiko wapi.

Nieleze kwa mfano uliotuchukulia muda mrefu kuliko mwingine wowote katika mafunzo ya wakutubi. Chukua mkopo wa 120,000, wa mwaka mmoja, riba asilimia 10. Mkopeshaji wa kwanza anapiga riba juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho: riba ni 12,000, na kila mwezi unarejesha 11,000. Mkopeshaji wa pili naye anasema asilimia 10, ila anaipiga juu ya salio linalopungua kila unaporejesha. Kwake utalipa kama 10,550 kwa mwezi, na riba yote kwa mwaka itakuwa kama 6,600. Matangazo yao yanasema kitu kimoja, na mmoja ni ghali karibu mara mbili ya mwenzake. Ukiugeuza mkopo wa kwanza uuhesabu kwa njia ya wa pili, riba yake ya kweli inakaribia asilimia 18 kwa mwaka. Na hapo bado hatujaongeza ada ya fomu, bima ya mkopo wala faini ya kuchelewa.

Hesabu hii haihitaji shahada. Inahitaji karatasi, kikokotoo na mtu asiye na haraka. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga mengi huanzia kwenye mstari mmoja wa mkataba ambao mkopaji hakuwa na wa kumsomea. Ndiyo maana tumezihimiza maktaba zote kuweka kwenye meza ya marejeo karatasi ya ukurasa mmoja yenye maswali ya kumuuliza mkopeshaji kabla ya kutia sahihi: riba inapigwa juu ya nini, jumla ya nitakachorejesha ni kiasi gani, nikimaliza mapema napata nafuu gani, dhamana yangu inachukuliwa lini na kwa utaratibu upi.

Hapa pana mpaka, na naomba tuulinde. Mkutubi anatoa taarifa. Hatoi ushauri wa fedha wala wa sheria. Anaweza kumwonyesha msomaji namna riba inavyohesabiwa, sheria inasema nini, na kama mkopeshaji yumo katika orodha ya waliopewa leseni na mamlaka husika. Hamwambii "chukua" wala "acha". Uamuzi ni wa mwenye deni. Ushauri ukihitajika, kazi yetu ni kumfikisha kwa mwenye taaluma, na inafaa kila maktaba iwe na orodha ya watu na taasisi wanaofanya kazi hiyo bila malipo.

Mpaka huo hauna maana ya kumjibu mtu kwa mkato. Mwanachama wetu mmoja alisimulia habari za msomaji aliyeuliza kama kuna kitabu cha biashara. Angeweza kumwelekeza rafuni akaendelea na kazi zake. Badala yake alimuuliza biashara ya namna gani, na sasa imefika wapi. Ndipo ilipotoka mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne: barua ya madai, yenye tarehe ya mwisho ya kujibu. Msomaji yule alihitaji kujua barua ile inamtaka afanye nini na lini, na kitabu kizima kisingemsaidia siku hiyo. Kila mkutubi anajua kwamba watu huuliza swali dogo kuliko haja yao. Kwenye fedha aibu huongezeka, na swali hupungua zaidi.

Kwa sababu ya aibu hiyo, faragha imepata uzito mkubwa katika miongozo yetu. Kompyuta za watu wote zisihifadhi nywila, na kila msomaji anapoondoka, kumbukumbu za alichofungua zifutwe. Mtu anayejaza fomu ya mkopo asikae skrini ikiwa imeelekea mlangoni. Karatasi zilizosahaulika kwenye printa zichanwe siku hiyohiyo. Alichosoma msomaji kuhusu madeni hakimhusu jirani wala mwajiri wake.

Kwa upande wa biashara, hazina iliyolala kuliko zote ni nyaraka za hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi ili wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa. Hataza kwa kawaida hulindwa kwa miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, kisha uvumbuzi huwa wa watu wote. Maana yake ni kwamba fundi anaweza kusoma michoro kamili ya mashine ambazo hataza zake zimekwisha muda, bila kulipa, akajitengenezea yake. Hifadhidata za hataza ziko wazi kwenye intaneti. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha fundi namna ya kutafuta. Ni hivyo pia kwa alama za biashara: ni afadhali kupekua daftari la alama zilizosajiliwa kabla ya kuchapisha lebo elfu moja kuliko baada ya hapo. Maktaba ya Taifa ya Uingereza ilifungua kituo cha biashara na haki miliki jijini London mwaka 2006, na baadaye huduma hiyo ikasambazwa katika maktaba za miji mingine kama Leeds, Newcastle na Manchester. Maktaba ya Oodi ya Helsinki, iliyofunguliwa Desemba 2018, ina cherehani na printa za kuchapa vitu vya umbo kamili (3D), kwa hiyo mwenye wazo anaweza kuunda sampuli yake kabla ya kuingia gharama ya kununua mashine.

Si lazima tuanze na printa hizo. Meza, daftari la mapato na matumizi, na saa moja ya jioni vinatosha kumfundisha mtu kutenganisha fedha za biashara na za nyumbani. Biashara yenye wateja inaweza kufa ikiwa inauza kwa mkopo na kununua kwa taslimu, na mwenyewe asijue mpaka siku anapotakiwa kulipa kodi ya pango. Daftari linalojazwa kila siku humwonyesha pengo hilo mapema.

Nimesema jioni kwa makusudi. Mwenye duka hafungi duka lake saa nne asubuhi aje maktaba. Tukiendelea kufungua anapofungua na kufunga anapofunga, tutakuwa tumemwandalia huduma asiyoweza kuifikia. Kati ya yote niliyoyataja, saa za kufungua ndizo zitakazogharimu zaidi, na ndizo ninazoziomba kwa msisitizo mkubwa zaidi. Jambo dogo la kuongeza: vitabu vya kodi na sheria za biashara vilivyopitwa na wakati viondolewe rafuni. Kitabu chenye sheria iliyofutwa kinaweza kumtia mtu hatiani.

Namalizia na jambo lililoigawa Kamati. Katika mwaka huu, taasisi moja ya mikopo ilijitolea kugharamia mafunzo yetu yote, kwa masharti kwamba iruhusiwe kuweka meza yake na mabango katika vyumba vya kusomea. Fedha hizo tulizihitaji. Baada ya mjadala mrefu, Kamati ilikataa kwa kura nyingi, nami nilikuwa miongoni mwa waliokataa. Siku msomaji atakapomwona afisa mikopo amekaa karibu na meza ya marejeo, hatajua tena karatasi yetu ya maswali imeandikwa kwa faida ya nani. Waliotaka tukubali walisema kweli waliposema kwamba bila fedha mafunzo yatapungua, na hoja hiyo haiwezi kujibiwa kwa maneno matupu.

Kwa hiyo Kamati inaleta mbele yenu mapendekezo mawili ya kupigiwa kura. La kwanza, chama kipokee ufadhili wa mafunzo ya fedha kutoka kwa mtu au taasisi yoyote, ilimradi mfadhili asiweke watu, mabango wala vipeperushi ndani ya maktaba, na asiwe na sauti katika yatakayofundishwa. La pili, ada ya uanachama iongezwe, na nyongeza yote iende kwenye posho za wakutubi watakaofungua jioni. Mweka hazina ataeleza kiwango kinachopendekezwa, kisha uwanja utakuwa wazi kwa wachangiaji.